Roma ya Ukutani

Kayanga, Karagwe
Jumamosi jioni

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Najua ukishaitikia utauliza, mbona leo barua, kwani simu yake imetumbukia kisimani? Simu nzima kabisa. Iko mkononi mwa Hadija, na hiyo ndiyo sababu ya kalamu. Mke wangu anaishika kutwa dukani kwa ajili ya wateja, kila ujumbe unaoingia anausoma yeye kwanza, na nikipigiwa lazima niongee mbele ya kaunta huku watu wananisikiliza kuliko redio. Maneno niliyo nayo leo hayawezi kupita mbele ya kaunta. Jirani yetu mmoja, mwalimu, anakuja Tanga likizo na anaondoka kesho alfajiri. Ameniahidi atakupa bahasha hii mkononi mwako mwenyewe.

Kabla ya yote nipe habari za Mama. Magoti yanamruhusu kusujudu, au bado anaswalia kwenye kiti na kukisema kile kiti kila siku kwamba kinalia? Na wewe je, umepumzika hata siku moja, au bado cherehani inaanza kukoroma kabla ya majogoo? Usiniambie "tunamshukuru Mungu" ukaishia hapo kama kawaida yako. Niambie.

Sisi huku wazima wa afya. Mvua imetulia, asubuhi ukungu unalala mabondeni mpaka saa tatu, na mimi mtu wa Tanga bado nafungua duka nimevaa sweta mbili, mwaka wa tisa huu, na wateja hawajachoka kunicheka. Ndizi nazila. Nimefika mahali wali usipokuwepo siulizi. Mwanaidi wetu ameanza shule na anajua kuandika jina lake, ila ukija hapa ukamwita Mwanaidi hakuna mtu atakayegeuka. Sababu yake utaiona mbele, maana nayo imo katika balaa ninalokuandikia.

Sasa dada, kama unashona, weka mkasi chini.

Unamkumbuka baba mkwe wangu, Mzee Sadiki wa Nyakatuntu, kule wilaya ya Kyerwa. Mrefu, sauti ya kuamrisha, yule aliyekulazimisha sahani mbili za ndizi siku ya posa mpaka ukashindwa kupanda gari. Ana kibanja, ndivyo wanavyoliita huku shamba la kuzunguka nyumba lenye migomba na kahawa pamoja. Msimu uliopita walikuja wanunuzi wa kahawa kutoka Italia, wakapita wanaonja kahawa ya mkulima mmoja mmoja, na ya Mzee Sadiki wakairudia mara tatu. Baadaye ikaja barua. Wanamwalika Roma kwa siku sita. Siku tatu aone kahawa yake inavyokaangwa na kunywewa, na siku tatu ni zake mwenyewe, autembee huo mji mkuu wao anavyopenda. Aje na mtu mmoja wa kumsaidia.

Mtu huyo mmoja, dada, ni mimi.

Najua umeshashangilia na umeshamwita Mama. Mrudishe akakae. Kwanza ujue kwamba Mzee anapofuka. Daktari wa Bukoba amesema ni presha ya macho, kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kinaondoka kidogo kidogo. Sasa hivi anaona mbele tu, pembeni hakuna kitu. Ukimjia ubavuni anashtuka. Yeye mwenyewe halilii hilo, anasema maneno machache: tangu ujana wake anapeleka kahawa kwa watu asiowajua, kwa hiyo anataka awaone kwa macho mara moja, halafu giza likitaka lije. Mwakani hatakuwa na macho ya kwenda kuona chochote. Ni safari hii au basi.

Pili, Mzee, ambaye wanawe humwita Tata, ndiyo baba kwa Kinyambo chao, ana mtoto wa kiume, Abdu, shemeji yangu. Mtu wa maneno haba. Kahawa iliyoshinda ni kazi ya Abdu. Ni yeye aliyekataa kuchuma mbichi na mbivu pamoja kama majirani, ni yeye aliyejenga vichanja vya kuanikia ili kahawa isiguse udongo, na mvua ikitisha ni yeye anayekimbia na maturubai. Siku barua iliposomwa sote tulimtazama Abdu. Hata mimi nilishanyoosha mkono kumpongeza. Mzee akasema mbele ya ukoo mzima: "Abdu hajavuka hata Mwanza. Mimi macho yangu haya nataka kuongozwa na mtu anayezijua njia. Bakari amekaa Roma."

Mimi na wewe, dada, tunajua nimekaa Roma muda gani. Nimekaa dakika kumi. Nilisimama studio ya picha pale Tanga, mbele ya pazia, wewe ukiwa umenishikia mkoba na kunikemea ninyanyue kidevu. Fundi alikuwa na mapazia matatu, la Makka, la Roma na la maporomoko ya maji. Mimi nilitaka la Makka. Wewe ukasema si adabu, mtu hajahiji, watu wakiiona picha watadhani amehiji. Ukasema piga ya Roma, hiyo haina madhara.

Sikulaumu. Naandika tu ilivyokuwa.

Nilipofungua duka hapa Kayanga kuta zilikuwa tupu, nikaitundika ile picha juu ya vitenge, mimi na shati langu jeupe mbele ya lile jengo lao la kale la mawe, la duara, lenye madirisha matupu juu mpaka chini. Mteja wa kwanza akauliza, "Hapo ni wapi?" Nikamjibu Roma, na kweli ni Roma. Akauliza, "Ulikaa sana?" Hapo ndipo ningeweza kucheka nikasema ni pazia, yakaisha. Nilikuwa mgeni, nauza nguo mahali ambapo hakuna anayenijua baba wala mama. Nikasema, "Si sana." Maneno mawili tu, dada, na nimeyalipia miaka tisa. Wiki haikwisha nikawa naitwa Mroma. Duka likawa kwa Mroma. Siku ya posa Mzee Sadiki alisema anamtoa binti yake kwa kijana aliyetembea dunia, wewe ukanitazama, mimi nikatazama mkeka. Mwanaidi alipozaliwa mimi nilimpa jina la bibi yetu, lakini babu yake alimnyanyua juu akamwita Roma, na Nyakatuntu nzima wanamwita Roma mpaka leo. Mtoto wangu mwenyewe nikimwita kwa jina lake anachelewa kuitika.

Nilidhani itakaa hivyohivyo tu, utani wa mtaani, mpaka nizeeke nayo. Sasa wamenipa tiketi ya kwenda kwenye uongo wangu.

Kila Jumapili tunakwenda Nyakatuntu kupanga ziara. Mzee anakaa barazani, Hadija anashika daftari, mimi naulizwa. Na Mzee haulizi kama watu wengine. Hataki kusikia kilomita. Anauliza, "Kutoka kwenye lile jengo la kwenye picha mpaka hiyo chemchemi wanakotupa sarafu, ni kama hapa mpaka wapi?" Nami namwambia ni kama hapa mpaka msikitini, ukipitia kwa muuza mafuta. "Kuna mlima?" Kamlima kadogo. "Mtu anaweza kupumzika wapi?" Hadija anaandika: pumziko, kwenye ngazi. Hivyo ndivyo tulivyoupanga mji mzima kwa njia za Kyerwa, siku ya kwanza huku, siku ya pili ng'ambo ya mto, siku ya tatu msikiti wao mkubwa, halafu gulioni kuona wanauza nini. Nilipomweleza kwamba lile jengo ni la wafalme wa zamani, wao wameshakwisha na mawe ndiyo yamebaki, aliitikia kwa kichwa muda mrefu. "Kumbe hiyo ni Bweranyange yao," akasema. Mzee alizaliwa karibu na Bweranyange, walipokaa wafalme wa Karagwe. Tangu siku hiyo ameipenda Roma kama ya ujombani kwake.

Ameshafungasha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kukaushwa, wanayompa mgeni akiingia nyumbani. Anasema hawezi kwenda kwa watu kuonja ya kwao bila kuwaonjesha ya kwake. Anataka kumpa mzee wa mji. Aliniuliza mzee wa mji wa Roma anakaa upande gani. Nikamwambia upande wa juu.

Haya yote ninayoyajua nayasoma kwenye simu wakati Hadija ameiacha kwenda kumchukua mtoto, nimejificha stoo nyuma ya marobota kama mwizi ndani ya duka langu mwenyewe. Nasoma haraka, nameza, Jumapili natapika. Na kibaya zaidi, dada, kuna siku najisikia kabisa kwamba nakumbuka. Naona kivuli cha lile jengo, nasikia maji. Halafu nashtuka kwamba nilichokiona ni kitambaa, na kilikuwa na kiraka pembeni.

Kisha ikaja fomu ya viza. Hadija ndiye anayezijaza, ya baba yake na yangu, maana Kiingereza chake kimeninyoosha mimi hadharani mara nyingi. Amejaza vizuri mpaka akafika mahali panapouliza kama mtu amewahi kupewa viza ya nchi za Ulaya na kuchukuliwa alama za vidole. Akaweka alama kwenye ndiyo, bila hata kuniuliza. Chini yake wanataka tarehe. Ameacha wazi ananisubiri mimi. Kila asubuhi tukinywa chai ananiuliza, "Baba Roma, umekumbuka mwaka?" Nasema bado natafuta pasi ya zamani. Anasema nitafute kwa bidii. Fomu inakaa juu ya meza ya kulia imekandamizwa na kopo la sukari, na mimi nakula pembeni yake.

Wewe si mtoto, unaona ninapokwenda. Nikiandika tarehe ya uongo, ubalozi watatazama vidole vyangu, watajua, na maombi yetu yamekwenda pamoja, mimi na Mzee. Mzee atakataliwa kwa kosa langu na hatajua ni kwa nini. Nikiandika hapana, Hadija ndiye anayeisoma. Fomu zinaondoka Jumatatu, si hii ya keshokutwa, ile inayofuata, kwenda Dar es Salaam.

Juzi Alhamisi nilijikaza. Nilifunga duka mchana, nikapanda pikipiki peke yangu kwenda Nyakatuntu, njia nzima narudia sentensi moja: Baba nisamehe, Roma sijafika. Niliisema mpaka ikawa nyepesi. Nikamkuta Mzee anazunguka nyumba. Amevaa viatu vipya vyeusi vya kamba, yeye ambaye maisha yake yote ni mabuti ya shamba, mkono wa kushoto anapapasa ukuta, anatembea anahesabu kwa sauti.

"Nani?"

"Ni mimi, Baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwana wange. Huu mzunguko wa kumi na nane. Ulisema huko ni kutembea siku nzima. Naifundisha miguu, sitaki nikuaibishe mbele ya watu wako."

Watu wangu. Nikasema, "Baba, kuna jambo..." Akanikatiza, "Lete mkono," akaushika, tukazunguka nyumba pamoja. Kila tulipofika kona aliniuliza, "Hapa tungekuwa wapi?" Nikamwambia hapa tuko darajani. Hapa tuko kwenye chemchemi. Mzee alikuwa anacheka peke yake, kwa sauti ndogo. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Nilitamani ardhi inimeze.

Abdu alikuwa kwenye vichanja anachambua kahawa. Tulipopita mara ya tatu akauliza bila kuinua macho, "Shemeji, huko Roma magari yanapita upande gani wa barabara?"

"Kushoto," nikasema. "Kama huku."

Aliendelea kuchambua. Mzee alipoingia ndani kuvua viatu, Abdu akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Akatoa simu yake mfukoni, hakuiwasha, akaishika tu.

"Yanapita kulia," akasema.

Nikajifanya natafuta ufunguo wa pikipiki.

"Mimi nimejua tangu mwaka juzi. Lile jengo kwenye picha yako lina kikunjo katikati." Alisema polepole, hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Sitasema, shemeji. Nikisema mimi, Tata ataona ni wivu wa safari, atakufunga wewe kiunoni mwake kwa ubishi. Unamjua. Ila macho yake hayatusubiri mimi na wewe tumalize."

Mzee akatoka na kopo la asali ya kumpelekea mjukuu, akaniambia neno la mwisho, na hilo neno ndilo limenifanya nishike kalamu. Alisema Ijumaa ya wiki ijayo akitoka msikitini atakupigia simu wewe. Kwao huku mtu hamchukui kijana wa watu kumvusha nchi bila kuwaomba ruhusa waliomtoa, na aliyenitoa siku ya posa ni wewe, baba yetu hayupo. Namba yako anayo. Atakuomba ruhusa rasmi, atakushukuru, na kwa anavyopenda maneno atakuuliza nilikuwa mtoto wa namna gani na Roma nilikwendaje.

Nitakuambia ukweli, maana nimechoka na ile biashara nyingine. Nilipoketi kuandika, barua ya kwanza ilikuwa fupi sana. Ilikuwa inakuomba umkatalie. Useme Mama anaumwa, mwanawe wa pekee wa kiume hawezi kupanda ndege, ukoo umekataa. Niliona mlango, dada. Kwa mila yao hawezi kulazimisha. Ningebaki Mroma wangu, picha ukutani, mke wangu nyumbani, hakuna anayejua kitu. Nilishaifunga na gundi.

Lakini nilikuwa nimemuuliza Mzee palepale, nikijifanya mzaha, "Na dada akikataa, Baba?" Akasema, "Basi siendi. Siwezi kwenda kupapasa nchi za watu na mtu asiyejua njia. Nitakaa hapa, nitapofukia kwangu." Akaingia ndani. Abdu alikuwa amesimama pale, amesikia.

Nimeichana ile barua. Ukikataa kwa uongo, Mzee hatoki Nyakatuntu. Ukikubali kwa uongo, ubalozi watamkatalia. Kuna njia moja tu inayomfikisha, nayo ni kwamba mimi nitoke na Abdu aingie, kabla ya Jumatatu, na Mzee aelewe kwa nini. Abdu hawezi kumwambia, hataaminiwa. Hadija hajui. Na mimi huwezi kuniamini, lakini nimejaribu. Mkwe wa huku hamvamii baba mkwe wake na jambo zito ana kwa ana, hutuma mtu mzima wa kwao, na nilikuwa nawacheka kwa desturi hiyo. Sasa naiona maana yake. Kuna maneno ambayo ukiyasema mwenyewe mbele ya mtu anayekushika mkono hayatoki.

Kwa hiyo nakuomba kitu ambacho hukunifundisha kukiomba. Akipiga Ijumaa, akimaliza salamu zake ndefu, mwambie. Usinipambe. Usiseme alikuwa mdogo, usiseme watu walimwelewa vibaya. Sema ni pazia la studio, ulikuwepo, sikuwahi kutoka Tanzania, na siku ya posa uliposikia ulinyamaza kwa ajili yangu. Mwombe msamaha kwa niaba ya ukoo kama inavyotakiwa. Kisha mwambie aandikishe jina la Abdu. Mwambie Abdu anajua hata magari yanapita upande gani. Atapiga kelele. Atasema maneno ya Kinyambo ambayo ni heri huyajui. Vumilia, na kabla hajakata simu mkumbushe tena Jumatatu, maana akikasirika anasahau siku.

Naogopa, dada. Mzee anaweza kumwita Hadija arudi kwao, na Hadija ana haki ya kwenda. Tangu nimwoe amekuwa mke wa mtu aliyetembea dunia, na katika mikusanyiko ya wanawake anakaa mbele kwa ajili hiyo. Sijui ataniangaliaje. Sijui mtoto ataitwa nani. Mji huu ni mdogo, habari itatoka Nyakatuntu itanifikia dukani kabla ya saa kumi, na wale wale waliokuwa wakininunulia kitenge wasikie habari za Roma watakuja tena, wasinunue kitu, watazame ukuta. Nimeona nikimbie. Nimehesabu hata mabasi. Lakini nikikimbia kabla ya Ijumaa Mzee ataahirisha safari anitafute, kwa hiyo hata kukimbia nimefungiwa. Nitakaa. Ijumaa nitafungua duka kama kawaida.

Nisalimie Mama, ila barua hii usimsomee. Mwambie mwanawe anamwombea na anavaa sweta. Msalimie shemeji yangu mumeo, nitampigia siku nikiwa na uso wa kumpigia. Wasalimie wajomba wa Pangani wakija na nazi zao, na yule binti yako mkubwa, mwambie mjomba wake amefurahi kusikia amefaulu. Jirani zetu wa ubavuni wasalimie kwa jumla, usiwape habari.

Hadija ameingia sasa hivi kutoka stoo. Ameona karatasi, ameuliza namwandikia nani, nikasema dada wa Tanga. Amefurahi sana. Amenisimamia hapa begani huku anajifuta mikono, nimefunika barua kwa daftari la duka, anasema nikuandikie salamu zake nyingi na za mtoto, na nikuombe sana, Ijumaa Tata akikupigia simu, usimkatalie. Anasema Tata haogopi giza, anaogopa kukatazwa safari. Anasema ukimkatalia atakufa na hamu ya macho yake hayo yanayoona mbele tu.

Nimemwambia nitaandika, na nimeandika. Ameuliza, "Atamruhusu?" Nikamjibu kwamba dada yangu atampa Mzee kila anachohitaji kwenda nacho. Amenishukuru kwa mikono miwili, dada. Amekwenda kuweka chai.

Ni mimi mdogo wako,
Bakari